Nyuma ya Kioo

Saa tisa na nusu usiku simu inatetemeka chini ya mto.
Naifunika kwa kiganja kabla haijamwamsha Jagoda,
aliyehamia kitandani kwangu tangu saa saba
akanibandika nyayo zake za barafu mbavuni
kama stempu.

Naenda kwa ncha za vidole. Sakafu hii naijua
kama mwizi aijuavyo nyumba ya tajiri:
ubao wa tatu hulia, wa tano hukohoa.
Mkate mweusi, jibini, tango la siki.
Kopo la bluu la Kajetan, la njano la Jagoda.
Langu halina rangi; ni mfuko wa jana.

Mezani naacha karatasi kwa Bi Wiesława wa ghorofa ya juu,
atakayeshuka saa kumi na mbili na kandambili zake za sufi:
Jagoda, dawa ya kikohozi, kijiko kimoja.
Kajetan, soksi NENE, hata akilia.
Nimesahau nini? Hakosi mmoja kati ya mambo yangu
kujificha nyuma ya mlango, akanisubiri
hadi niwe katikati ya njia panda, mikono yote kazini.

Jina la mji wetu, Łódź, maana yake ni mashua,
na mji wenyewe hauna maji ya kuonekana:
mito yake ilifukiwa zamani, ikapita chini ya viwanda.
Basi mimi, Bogna, ndiye nahodha wa mabehewa mawili ya tramu,
nateleza juu ya theluji iliyochanganyika na chumvi.
Nawapakia wauguzi, wafagiaji,
mlevi mmoja anayelala hadi mwisho wa reli, akarudi naye usingizini,
na wanawake wenye macho kama yangu.
Hatusalimiani. Tunajuana kwa miayo.

Saa moja na dakika arobaini na mbili, kituo cha shule.
Sekunde ishirini nilizopewa na ratiba,
na kibao juu ya kichwa changu: USIZUNGUMZE NA DEREVA.
Kwa hiyo mimi na mwanangu tuna lugha yetu.
Ngumi kifuani: nimekula.
Kidole sikioni: Jagoda alilia.
Viganja viwili shavuni: utarudi kabla sijalala?

Leo hafanyi hata kimoja.
Anasimama kwenye baridi, kofia imemziba jicho,
anafungua kinywa wazi kama mlango wa ghala,
na pale mbele, palipokuwa na jino lililotikisika wiki mbili,
pana tundu jekundu.
Jino lenyewe analigandamiza kwenye kioo changu,
dogo, kama punje ya mchele iliyokataa kuiva.

Nyuma yangu mtu anakohoa. Taa imegeuka.
Nikapiga kengele. Mara mbili, tatu, nne,
kengele ile ya hatari, isiyoruhusiwa bila hatari.
Abiria wote wakainua macho kutoka kwenye simu zao.
Kwenye ripoti nitaandika: njiwa.

Zamu yangu imekatwa vipande viwili, na kati yake
nanunua biti za supu, nalipia umeme, nalala dakika tisa
nimeegemea mashine ya kufulia.
Jioni Jagoda ananionyesha picha ya familia.
“Mbona mimi nimo ndani ya sanduku?”
“Si sanduku,” ananisuta, “ni dirisha. Si ndiko unakokaa?”
Nacheka. Halafu naenda kukata vitunguu,
maana vitunguu havimuulizi mtu kwa nini analia.

Saa nne usiku naingiza mkono chini ya mto wa Kajetan,
natoa jino, naacha sarafu ya zloti mbili,
na mkono, sijui kwa nini, unagoma kutoka.
Pumzi yake inapita katika pengo jipya kwa mluzi mwembamba.
Hapa hakuna ratiba, hakuna taa,
hakuna anayekohoa nyuma yangu.
Namtazama bila kioo.

Ndipo nakumbuka: suruali ya mazoezi.
Kesho ana mazoezi saa mbili,
na suruali bado imo ndani ya mashine, imelowa chepechepe.