Nambari ya Nne

Mkufunzi alisema: andikeni majina mia,
anzeni na wanaowapenda.
Nikakaa kitandani, chumba cha Muyeye, daftari magotini,
lile la mchango wa matanga ya baba,
maana kurasa za nyuma zilikuwa bado nyeupe.
Mbele: Ngumbao, mia mbili. Mama Dhahabu, unga kilo nne.
Fundi Athman, turubai, siku tatu, bila malipo.
Nyuma: majina yale yale.

Tulifunzwa na maneno.
Usiseme kifo, sema jambo likitokea.
Usiseme mjane, sema familia.
Kalamu iwe mezani, isiwe mkononi,
mtu akiiona mkononi huidhania sindano.

Jumatatu viatu vyangu vyeusi vya mtumba
vilijaa mchanga kabla sijafika Barani.
Nambari moja, shangazi, alinipakulia wali
akauliza kama kazi ya hoteli imekwisha kabisa.
Nambari mbili hakuwepo;
niliziona nyayo zake chini ya pazia.
Nambari tatu, Athman, hakuinua macho kwenye cherehani:
"Jumwa, unataka nife lini,
nijue kama nilimalize hili gauni?"
Nikacheka. Tulifunzwa kucheka.
Akakata uzi kwa meno, akasema polepole,
"Sisi tuna turubai. Walijua. Ulilala chini yake."

Sina mshahara. Nina asilimia.
Asilimia ya hapana ni kurudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi nikakatiza sokoni, penye nzi na mizani,
na Changawa muuza nyama, ambaye sikumwandika popote,
akaniita mwenyewe: "Hebu nizione hizo karatasi."
Akanawa mikono mara mbili.
Akatandika gazeti juu ya gogo, nikatandaza fomu.
Umri: arobaini na saba, au nane,
mamake alihesabu kwa njaa, si kwa kalenda.
Sigara: aliacha. Maradhi: presha,
"ila andika kidogo." Nikaandika presha.

Tukafika penye mnufaika.
Hapo akazima redio.
Nilikwishaanza K, K ya Kache, mkewe,
ninayesimama naye safu moja kwaya ya Jumapili,
akaweka kidole juu ya karatasi,
kidole kinachonuka mafuta ya ng'ombe.
"Nyevu," akasema. "Miaka kumi na mmoja.
Yuko Marereni, kule kwenye mashamba ya chumvi. Kwa mamake."
Kisha, kwa sauti ndogo kuliko kisu alichokishika:
"Siku hiyo, huyo hatakuwamo kwenye daftari la mtu yeyote."

Nikaikata ile K kwa mstari mmoja,
akatia sahihi fupi pembeni, kama inavyotakiwa.
Malipo ya kwanza yakaenda, simu yake ikatetemeka juu ya gogo.
Hakuna aliyetufunza uso wa kuvaa hapo.
Akanifungia nusu kilo ya mifupa. Nikakataa.
Akafungua, akaongeza, akafunga tena.

Usiku nilipiga hesabu ya kamisheni:
kodi, viatu, kodi.

Nambari ya nne ni Kache.
Nilimwandika wiki jana, kabla sijajua kitu,
kwa wino wa buluu, na pembeni neno moja: rahisi.
Leo niko sebuleni kwake, nimekaribishwa, sikusita,
kalamu iko mezani.
Anamimina chai, anasema,
"Changawa hataki hata kusikia habari za bima,
lakini mimi nisomee. Nisomee yote."
Nafungua folda upande wa kushoto, penye fomu tupu.
Upande wa kulia nimeulalia kwa kiganja.
Ananiuliza sukari vijiko vingapi
na mimi, mtu wa tarakimu sasa,
nashindwa kuhesabu.