Daftari la Kuzikana

Ukumbi unauzwa Jumanne. Kabati nimeachiwa mimi,
kwa kuwa nimebaki na jina la ukoo
na funguo.

Ndani mna bendera iliyoliwa na nondo,
karata zilizopungua mbili,
na daftari la kuzikana,
kurasa zimegandana kama ndugu kwenye msiba.

Senti ishirini na tano kwa mwezi, kila tanuri.
Waliandika hivyo, si kila nyumba:
mtu alijulikana kwa moto aliouchunga.
Belarmino, tanuri la nne. Ovidio, la saba.
Karani wa kiwanda hakuwa na subira ya majina marefu;
siku ya mshahara Belarmino aliitwa Bil,
akapokea bahasha,
akarudi nyumbani kuwa Belarmino.

Waliacha zinki Asturia, wakaifuata zinki.
Bibi alikuwa akisema: tumevuka bahari nzima
kuja kunusa moshi uleule.
Hapa Tansill, Virginia Magharibi, mlima ulikuwa na upara,
na shati ulilolianika zima uliliingiza na matundu.
Lakini mtini wa Honorina ulizaa.
Kila Novemba aliuinamisha, akauvisha makoti ya marehemu,
akaufukia mpaka Pasaka.
Watoto tulipita mbio. Tulidhani kuna mtu.

Ukurasa wa thelathini na moja, mwaka wa mafua:
majina kumi na moja kwa wiki tatu,
kisha mwandiko wa karani mwenyewe
unakatika katikati ya mstari.
Anayeendelea anaandika kwa penseli, vibaya:
*Etelvina, mjane. Jeneza la mtoto.
Anadaiwa dola mbili. Asisumbuliwe.*

Hakusumbuliwa. Kiwanda kilizimwa,
vijana wakayafuata magari Detroiti,
na deni likahamishwa ukurasa hadi ukurasa,
kila karani mpya kwa uaminifu wake,
na pembeni neno lile.
Kihispania changu ni cha kuombea chumvi mezani;
nilimpigia simu mzee Selmo, Ohayo, nikamtamkia.
Alinyamaza. Kisha akalirudia, si kwangu.

Nimeweka dola mbili kati ya kurasa.
Nimezitoa. Nimlipe nani,
na nikishalipa, nani atamtaja tena?

Mnunuzi anapiga honi nje.
Nimechonga penseli.
Ukurasa mpya, tarehe ya leo:
Etelvina, mjane.