Kivuli cha Karatasi

Tangazo lilisema: haina mkwaruzo,
imetumika mara chache, mwenyewe anasafiri.
Milioni moja na laki mbili,
kamera ambayo Kariakoo, hata ikiwa na kovu,
haishuki chini ya nne.

Nilikuwa nje ya studio yangu, Isevya,
bando linakata roho,
na harusi ya Jumamosi imenikaa kooni.
Kamera yangu ukiibonyeza hufikiri kwanza:
bwana harusi ameshavisha pete, ameshashusha mkono,
ndipo nayo inasema kacha.

Kaka yangu Mihayo alikuwa ameuza asali ya Sikonge,
madebe kumi na moja. Akanikopesha bila kuandikishana.
“Chukua, Nyamizi. Rahisi kama hii haiji mara mbili.”
Nikamwambia, ili ivunje upishi
inatosha kuja mara moja.

Ni maneno tu. Menyu ya kutuma nilishaifungua,
kidole kimefika kwenye namba ya siri.
Nikarudi kuitazama mara ya mwisho,
kama mchumba, kabla mahari haijatoka nyumbani.

Ndipo macho yangu ya kazi yakaamka.
Picha ya kwanza, mwanga wa asubuhi, unatoka kushoto.
Ya pili, taa; meza nyingine, zulia jingine.
Ya tatu ina mkanda mwekundu.
Ya nne ina kovu kwenye kona
ambayo kwenye ya kwanza ni nzima.
Kamera moja, nyumba nne.

Imepiga picha ngapi tangu itoke kiwandani?
Ipo vizuri sana dada.
Namba iliyochongwa tumboni?
Ipo vizuri dada, kuna mteja wa Shinyanga amefika bei.
Nije niione wapi?
Alikuwa Kaliua kikazi. Jioni akawa Nzega.
Kesho yake kafika Mpanda kwa treni,
siku ambayo treni ya Mpanda haikutoka,
nami honi yake naisikia kitandani.
Tuma nusu tu dada,
na ya kutolea.

Nikaivuta ile picha ya kwanza kwa vidole viwili,
nikaivuta mpaka ikawa chembechembe,
mpaka nikaingia ndani ya kioo cha lenzi.
Mle mlikuwa na dirisha, pazia la maua,
na mtu wa makamo, miwani, ameinama,
simu kaishika kwa mikono miwili
kama anayepokea kitu cha watu.
Hakuwa yule wa dada, dada.
Huyu ndiye mwenye kamera, au alikuwa.
Labda aliiuza salama.
Labda anaitafuta hadi leo.

Nikaomba: andika “Nyamizi, Isevya” kwenye karatasi,
iweke kando ya kamera, piga.
Dakika ishirini, ikaja.
Jina limekosewa, Nyamisi.
Kamera ilikuwa na kivuli, kikombe kina kivuli,
karatasi haikuwa nacho.
Ilielea juu ya meza
kama kitu kisicho na uzito wala mwenyewe.

Hela za Mihayo nikazirudisha, pungufu elfu tano za bando.
Harusi niliipiga kwa ile ile.
Nilijifunza kubonyeza mapema,
pete ikiwa bado njiani.

Mwezi huu ninaiuza. Nimeandika:
kitufe kinachelewa, ndani ya lenzi mna ukungu
upande wa kulia, betri inataka kubembelezwa.
Laki mbili na nusu. Njoo uishike, mchana, karibu na stesheni.

Mtu wa Urambo ameniuliza:
mbona umetaja ubaya wote? Unaficha nini?

Sikumlaumu. Nilichukua karatasi,
nikaandika jina lake na tarehe ya leo,
nikailaza juani ubavuni mwa kamera.
Nikasogea pembeni, nisionekane kwenye kioo.
Halafu nikarudi,
nikajiacha nionekane.