Betri ya Zahanati

Saa sita mchana, Chali Igongo,
kontrola inawaka kijani: imejaa.
Saa mbili usiku taa ya wodi
inakonyeza mara tatu, kisha giza.

Nililaumu jua. Jua la Bahi!
Nikafuta vumbi la paneli kwa kanga yangu,
nikakaza nyaya,
nikakwangua ukoga kwenye vichwa vya betri.
Bado.

Ndahani akafungua vifuniko sita,
akazamisha kipimo cha asidi.
Seli tano ziliitika.
Ya sita, kimya.
"Nesi, mtoto anayeshiba kwa vijiko viwili,
mama yake humwambia nini?"

Sikujibu.

Usiku huo Mbeleje alijifungua kwa tochi ya simu,
nimeibana kwa meno.
Kichanga kikanyonya hadi alfajiri,
hakishibi,
namshukuru Mungu hakishibi.