Kikuba Msumarini

Wodi ya kike, Wete, chumba cha mwisho,
kile kilichokuwa stoo ya magodoro.
Siku mbili tumekisugua, tumekipaka chokaa,
ndipo akaingia Bi Raya Kombo wa Kangagani,
katoka Unguja na dripu yake ya tatu
na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne:
chembe nyeupe, mia tatu.
Mtu mzima huwa na elfu nne na kuzidi.

Daktari huziita askari.
Mie vita sijaviona. Nimezaliwa Mtambwe,
naujua mkarafuu mwaka wa kukosa:
mti umesimama, majani yang'aa,
majamvi yamekunjwa, hapana cha kuanika.
Ndivyo ulivyo uboho wake wiki hii.

Basi nanawa.
Nanawa nikiingia, nanawa nikitoka,
vidole, baina ya vidole, chini ya kucha,
hata hina ya harusi ya mdogo wangu
imenitoka mikononi na pilau bado linasifiwa.

Kisha wakaja watu.
Kwetu mgonjwa hatazamwi na mmoja.
Kumi na wawili, na pakacha la mapapai,
na mtoto mwenye kamasi mbeleko mgongoni.
Nikasimama mlangoni nimetanua mikono
kama afukuzaye kuku kwenye mpunga.
Mikono haipeanwi. Papai halimenywi humu.
Mwenye mafua salamu zake nitazifikisha mimi.
Shangazi yake, Bi Kazija, akanipima juu mpaka chini:
"Mwamkalisha eda, na mumewe yu hai!"
Mumewe, pale kwenye benchi, akatazama viatu vyake.

Maalim Shaame yeye kaleta kombe,
sahani nyeupe, aya kwa zafarani.
Nilitafuta maneno, nikayapata mafupi:
Maalim, maji tuyachemshe kwanza, yapoe,
ndipo uoshe.
Akacheka hadi kofia ikateleza.
"Chemsha, mwanangu. Aya haiungui."

Lililonishinda ni kikuba.
Arafa, mkaza mwanawe, alikisuka alfajiri:
asumini, rehani, kipande cha mkadi,
umande haujakauka.
Ua bichi lina ukungu wake, nikamwambia, haliingii.
Hakubisha. Machozi tu, kimya kimya, mpaka kwenye buibui.
Tukakitundika kwa nje, kwenye msumari wa dirisha,
na kioo nikakifunga kwa mkono wangu.
Bi Raya akageuza kichwa juu ya mto.
"Nakinusa," akasema.
Kioo kimefungwa, nami nimekifunga mimi.
Sikumbishia.

Saa nane usiku: thelathini na nane nukta nne.
Nikammulika kinywa, kwapa, mahali pa sindano.
Hapana uvimbe, hapana usaha,
kwani usaha nao ni kazi ya chembe zile zile
na chembe hazipo.
Mwanafunzi wangu keshashika panadoli.
Weka chini, nikamwambia, shahidi ni homa peke yake,
usimzibe mdomo hakimu hajafika.
Tukamwamsha daktari. Tukatoa damu, chupa mbili.
Kabla ya saa tisa dawa ilikuwa mshipani,
nami nimekaa, namhesabia pumzi,
na nje jogoo wa mtu kapotewa na saa.

Homa ilishuka siku ya pili, ikarudi, ikashuka.

Siku ya tano niliamka koo lakwaruza.
Nilikunywa tangawizi, nikajidanganya njia nzima,
nikafika getini nikapiga chafya.
Funguo nikampa Nasra. Nikamweleza kila kitu mara mbili:
mswaki laini, si wa mti; uji uwe wa moto;
kipimajoto kwapani, kwengine kokote marufuku.
Kisha nikazunguka nyuma ya wodi,
nikasimama kwenye nyasi chini ya dirisha,
kando ya kikuba kilichokwisha kuwa kahawia.

Karatasi ya leo sijaiona.
Niliona mtu kakaa kitandani, barakoa usoni,
akanitambua kwa baibui na kwa kikohozi.
Akatoa mkono chini ya shuka, mwembamba,
akautikisa hivi, na hivi,
kama afukuzaye kuku kwenye mpunga,
na barakoa yake ikapanda mashavuni.