Miwani ya Mwaka Jana

Tulipima kwa shibiri, mimi na daktari wa Fort Portal.
Aliweka kitabu puani pa Ithungu, akakirudisha nyuma polepole
mpaka herufi zikavimba, zikayeyuka.
Nusu shibiri.
"Dunia yake inakomea hapa," akasema,
kisha akaandika: hasi nane na nusu,
jicho la kushoto hasi tisa,
kama muuza duka anayeandika deni.

Miaka saba. Nami nilidhani anapenda vitabu.

Mwalimu Kule alikuwa ameniita mara mbili:
mtoto haangalii ubao, anakopi kwa jirani,
anakopi hata makosa ya jirani.
Bibi yake akasema karoti. Tukampa karoti.
Tukampa na ini la mbuzi.
Mlokole wa nyumba ya pili akamshika kipaji, akaombea.
Na jicho, huko ndani, likaendelea kurefuka
kama muhogo ardhini, bila kumuuliza mtu.

Sasa tunaishi kwa masharti.
Tone moja kila jicho, kabla ya kulala.
Saa mbili nje mchana, kila siku ya Mungu,
basi anafua, anachunga bata wa dada yake Masika,
anahesabu malori ya saruji,
chochote, mradi asiiname.
Akisoma, kiwiko mezani, ngumi shavuni,
pua isikaribie ukurasa.
Mpira asiupige kwa kichwa.
Na siku akisema, Mama, naona cheche,
akisema pazia jeusi linashuka pembeni,
nisingoje Jumatatu, nisingoje mshahara,
twende hiyohiyo siku, hata kwa bodaboda ya mkopo.

Shuleni wanamwita Chupa.
Nilimkuta getini akiivua, akiisokomeza kwenye soksi.
Mkono wangu uliinuka. Mbuzi wawili wamekaa
pale puani pake, wawili wazima.
Nikauteremsha. Nikakata lastiki ya sketi yangu,
nikaifunga miwani nyuma ya kichwa chake,
fundo mbili.

Mwaka umegeuka, namba imepanda robo.
"Robo tu!" Daktari alicheka, mara ya kwanza nimwone meno,
nami nikacheka naye, mjinga mimi,
nikifurahia ugonjwa kwa kuwa unatembea polepole.
Tukapewa vioo vipya.
Ya zamani ikabaki mezani, miguu imekunjwa.

Mimi huchambua kahawa ghalani.
Tundu la mdudu naliona kabla mdudu hajamaliza kulitoboa.
Huinama mpaka nywele zinanuka kahawa.
Biira ana macho, husema wenzangu wa ghalani.
Biira ana maringo, husema haohao barabarani,
husalimiwa asiitikie.
Baba, mchimba shaba wa Kilembe, alinichapa utotoni
kwa kutomwamkia katekista aliyesimama ng'ambo ya mto.
Katekista gani? Niliuona mto tu, na hata huo
niliuona zaidi kwa masikio.
Nikakua nikiwajua watu kwa mwendo, kwa kikohozi,
kwa rangi ya nguo. Nikadhani kila mtu ndivyo ajuavyo.

Leo alfajiri nimeichukua pale mezani.
Inabana masikio, inanivuta kichwa,
haikukatwa kwa ajili yangu.
Nikatoka nayo mpaka ukingoni mwa Nyamwamba.
Ng'ambo, mtu alikuwa amesimama na debe,
ananipungia mkono.
Ni mama Thembo. Nilimjua kwa uso.
Sijui amepunga asubuhi ngapi.

Nikainua mkono wangu, ukabaki juu kama wa mtoto darasani.

Machozi yakatia ukungu. Nikaivua, nikashika pindo la gomesi.
"Mama!" Ithungu mlangoni, lastiki shingoni,
sauti ya daktari kabisa:
"Usiifute kwa hiyo. Inakwaruza.
Maji kwanza, halafu kitambaa laini.
Njoo nikuonyeshe."