Bi Deolinda Anachagua Kibao

Jumanne, mvua ya Porto haina haraka,
inapangusa kioo cha duka kama kibarua asiyelipwa.
Nilikuwa na kahawa yangu na njaa ya komisheni.
Akaingia mama mmoja, koti limelowa mabegani,
akasema: Nataka kibao cha kuchorea.

Nikaanza na kile kikubwa,
ndivyo tulivyofundishwa, mteja aanze na ghali:
chenye skrini, unachora juu ya picha yenyewe,
ngazi elfu nane za mkandamizo,
kalamu isiyojua betri.
Nikamtajia bei.
"Hicho si cha kuchorea," akasema.
"Hicho ni kibao cha shavu."

Nikashusha kile cha rafu ya chini,
cheusi, hakina skrini, hakina la kusema.
Nikamwonya, maana wengi hukirudisha siku ya tatu:
mkono unachora hapa mezani,
mstari unatokea kule mbele.
Macho yanautafuta mkono
kama mtoto aliyeachwa kwenye foleni.

Hakunijibu. Akafungua mkoba,
akatoa soksi, na ndani ya soksi, kigae.
Sentimita kumi na nne kwa kumi na nne,
mbwa wa mwindaji, kichwa na miguu miwili tu;
kiwiliwili kilikuwa kigae kingine, nyumba nyingine.
Akakilaza juu ya kibao.
"Kinaenea. Na gumba linapata pa kupumzika."

Kisha akasema, akitazama kigae, si mimi:
"Kobalti mbichi si buluu, kijana.
Ni kijivu, maji ya kuoshea sufuria.
Unachora wimbi, unachora ukosi wa askofu,
vyote kwa tope.
Buluu inakuja keshokutwa, tanurini,
wewe umelala.
Miaka thelathini na mmoja nimechora nisichokiona.
Leo unanitisha kwa nusu mita?"

Nikampa kalamu.
Jani likatoka, lile la mikunjo mingi,
jembamba kikonyoni, nene tumboni, likaisha kwa unywele.
Hakuangalia mkono hata mara moja.
Halafu, katikati ya jani la pili,
mkono ukaenda kulia wenyewe, kwa mazoea,
ukachovya kalamu kwenye kahawa yangu,
ukaipangusa ukingoni mwa kikombe,
mara mbili, kwa adabu.

Tulinyamaza wote wawili.
Nikatafuta kitambaa. Nikasema ni ya maonyesho,
imeshatafunwa na watoto, itapona.

Ili kumsahaulisha, nikamwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma.
Akabonyeza. Jani likatoweka.
Akapatazama pale lilipokuwa.
"Na kosa linakwenda wapi?"
Haliendi popote, nikasema, linafutika.
"Kwetu linakwenda ukutani.
Linakaa miaka mia mbili, watalii wanalipiga picha."

Karakana ya Gaia ilifungwa Machi.
Sasa kampuni moja inamtumia picha za kuta zenye mapengo,
achore kigae kilichodondoka,
atume faili, mashine ichape.
Aliyasema haya akihesabu noti,
kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Akachukua cha bei ya chini,
na pakiti tatu za ncha.
Nikamwambia kalamu inakuja na ncha kumi za akiba.
"Mimi nakandamiza," akasema.
Kwenye risiti nikaandika jina lake lote,
Deolinda Quaresma Patoilo,
akanisahihishia herufi moja.
Akarudisha mbwa ndani ya soksi.

Komisheni ilitosha mkate na kahawa mpya.
Jioni, kabla ya kuzima taa,
nikaishika ile kalamu; bado inanukia.
Nikachora mstari mmoja, huku natazama mvua.
Sikuangalia ulikofika.